Likizo Unguja: Tangazo la mlangoni na somo la Kiingereza

LIKIZO ya watoto ikikaribia, mzazi wa Dar es Salaam mwenye akiba kidogo hufikiria mambo mawili: kuwapeleka kijijini kwa bibi yao, au kuwavusha bahari wakaone Unguja. Kijijini tumekwenda sana. Safari hii nikasema tuvuke.

Boti ya mwendo kasi hutumia kama saa mbili kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi. Ukishuka tu na mizigo yako, hatua chache uko Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba gari halipiti. Unachopisha ni baiskeli, vespa na mikokoteni. Milango ni ya mbao iliyochongwa maua na minyororo, na mbele ya nyumba kuna baraza za kukalia ambako wazee hunywa kahawa kwa vikombe vidogo.

Kwa mzazi mwenye watoto mji huu una uzuri mwingine ambao vitabu vya watalii haviutaji. Kuta zake zinasomeka. Kila kona kuna tangazo, na karibu kila tangazo lina Kiingereza ndani yake: boti za kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe, ziara za mashamba ya viungo, chakula, vyumba, kusuka nywele, kukodi baiskeli. Mengine yameandikwa na watu waliosoma sana. Mengine yameandikwa kwa sikio, na mtu aliyeokota maneno kwa wageni siku hadi siku.

Nilikuwa na sababu ya kuyaangalia matangazo hayo. Binti yangu mkubwa amemaliza darasa la saba na anasubiri kuingia kidato cha kwanza. Wazazi wenzangu ambao watoto wao wamesoma shule za msingi za serikali mnajua ninachosema. Mtoto anasoma miaka yote kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kwenye ratiba. Akiingia sekondari, jiografia, baiolojia na hesabu zote zinageuka Kiingereza kwa mkupuo.

Wiki mbili kabla ya safari, tukiwa tunachambua mchele, aliniambia: "Mama, mimi kule sekondari nitakaa kimya tu. Nikisema vibaya watanicheka."

Sikumjibu kitu cha maana siku ile. Lakini neno hilo lilinikaa. Mtoto anayekaa kimya darasani kwa miaka minne si kwamba hajui Kiingereza tu. Hataijua na hiyo baiolojia yenyewe, kwa sababu hatauliza.

Tangazo la mlangoni

Tulifikia kwenye nyumba ndogo ya wageni, mwendo mfupi kutoka soko la Darajani. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mkarimu, anayepika mkate wa ufuta mwenyewe alfajiri. Wanangu walimwamkia "Shikamoo bibi", naye tangu hapo akawaita wajukuu.

Nyuma ya mlango wa chumba chetu kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito, kwa herufi kubwa na za uangalifu:

"Dear guest, we are kindly request you don't burn the midnight oil at both ends, because the electricity it is for pay before."

Kwa Kiswahili, neno kwa neno, ni kama kusema: Mgeni mpendwa, tunakuomba usichome mafuta ya usiku wa manane kwenye ncha zote mbili, kwa kuwa umeme huo ni wa kulipa kabla.

Binti yangu alisoma, akaangua kicheko. Mdogo wake naye akacheka kwa sababu dada yake amecheka. Niliwaacha kidogo, kisha nikamwambia mkubwa: "Haya, wewe unayecheka, andika inavyotakiwa."

Alichukua kalamu. Akaandika "Dear guest". Akasimama hapo hapo. Dakika tano baadaye alikuwa bado hajaongeza neno la tatu.

Asubuhi, wakati wa chai, mdogo wake akaropoka mezani kwamba dada alikuwa analicheka tangazo. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mama hakukasirika. Alivuta kiti akaketi nasi.

"Nimeandika mie mwenyewe," alisema. "Skuli sikufika mbali. Wageni wangu wengi wakitoka kwenda pwani wanaacha feni na taa kutwa nzima, na mita inakula pesa yangu. Kuna mmoja alilipiga picha hilo tangazo, akacheka mpaka machozi. Kisha akatoka. Feni akaiacha inazunguka."

Pale mezani hakuna aliyecheka tena. Binti yangu aliinamisha uso kwenye kikombe. Yule mama akamgeukia: "Wewe mjukuu wangu unasoma sasa. Hebu nitengenezee."

Kwanza, alitaka kusema nini?

Tulilibandua tangazo tukaliweka katikati ya meza, kando ya mkate. Nilichofanya ni kuuliza maswali, na nitayaandika hapa kwa mpangilio kwa sababu mzazi yeyote anaweza kuyauliza, hata asiyejiamini kwa Kiingereza.

Swali la kwanza halihusu Kiingereza kabisa. Nilimwuliza binti yangu: "Bibi anataka mgeni afanye nini?"

Akajibu haraka: "Azime taa na feni akitoka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeme analipia kabla, na ukiisha ananunua tena."

Hapo ndipo penye kazi yote. Sentensi nyingi za Kiingereza zinazochanganya hazikuharibika kwenye Kiingereza. Ziliharibika pale mwandishi alipoanza kuandika kabla ya kuamua anachotaka kusema. Ukishakisema kwa Kiswahili kifupi, nusu ya safari imekwisha.

Pili, kitenzi kiko wapi?

Tukaenda kwenye "we are kindly request". Binti yangu alihisi kuna kasoro lakini hakujua ni ipi. Nikamwomba asome bila neno "kindly", ambalo ni la adabu tu. Ikabaki "we are request".

Kosa hili lina asili yake, na asili hiyo ni Kiswahili chetu. Sisi tunasema "tunaomba", neno moja lenye vipande vitatu: tu ni sisi, na ni wakati, omba ni tendo. Mtu anapofikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, kile kipande cha katikati kinadai mahali pa kukaa. Anakipa "are". Ndiyo maana watoto wetu huandika "I am go" na "we are play". Hawajazubaa, wanatafsiri "na".

Dawa yake ni kuchagua njia moja kati ya mbili. Jambo la kawaida au ombi la kudumu ni "we request". Jambo linaloendelea sasa hivi ni "we are requesting". Kiswahili kinazibeba zote mbili kwa "tunaomba", lakini Kiingereza kinakulazimisha uchague. Tangazo la mlangoni ni ombi la kila siku, kwa hiyo ni "we request".

Kinachofuata ni "don't". Kwa Kiswahili tunasema "tunakuomba usichome", na "usi" inakaa vizuri. Kwa Kiingereza, baada ya kumwomba mtu, katazo hugeuka kuwa "not to". Ni "we request you not to", si "we request you don't".

Tatu, nani ametajwa mara mbili?

"The electricity it is." Hapa binti yangu aliona mwenyewe. "Umeme" umetajwa, kisha "it" inautaja tena.

Hii nayo ni mali yetu. Kwa Kiswahili husemi "umeme nalipiwa", unasema "umeme unalipiwa". Ile "u" ya mwanzo ni lazima irudie jina lililotajwa. Ndiyo sababu mtoto huandika "My father he works at the port". Kwa Kiswahili "Baba yangu anafanya kazi bandarini" ina "baba" na ina "a". Kwa Kiingereza ukishamtaja baba, hurudii. Futa "he", futa "it", sentensi inapona.

Mwisho ni "for pay before". Kitu cha kulipia kabla kina neno moja tu kwa Kiingereza, "prepaid", na watoto wengi wameliona kwenye karatasi za laini za simu bila kujua kwamba ndilo hilo.

Tukaiandika upya: "We kindly request you not to burn the midnight oil at both ends, because the electricity is prepaid."

Binti yangu akatabasamu. Sarufi yote imenyooka. Nikamwuliza: "Sasa mgeni akisoma hii atazima feni?"

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Bado hataelewa."

Nne, nahau hizi ni mbili

Hili ndilo jambo ambalo walimu wengi hawapati muda wa kulifika. Unaweza kusahihisha kila herufi na bado ujumbe usifike, kwa sababu kilichoharibika ni nahau.

Mwenye nyumba alitueleza alikoipata. Aliwahi kuwa na wageni wanafunzi, wakitaniana usiku kuhusu "midnight oil" na mwingine kuhusu mshumaa wenye ncha mbili. Akaona ni mambo ya taa za usiku, akachukua yote mawili akayaunga.

Kwa kweli ni nahau mbili tofauti. "Burn the midnight oil", kuchoma mafuta ya usiku wa manane, maana yake ni kukesha ukisoma au ukifanya kazi. Imetoka zama za taa za mafuta, ambapo aliyeendelea kusoma usiku alikuwa anatumia mafuta wakati wenzake wamelala. Ni sifa, si lawama. Ukiandika "She burned the midnight oil before the exam", umemsifu msichana kwa bidii.

"Burn the candle at both ends", kuuwasha mshumaa ncha zote mbili, siku hizi maana yake ni kujichosha kupita kiasi: kulala usiku sana, kuamka mapema mno, bila kupumzika. Ni onyo. Mshumaa una ncha mbili. Mafuta hayana. Mtoto akikumbuka hilo tu, hatazichanganya tena.

Na hapa nikamwambia yule mama jambo lililomfurahisha. Nahau ya mshumaa ilitoka kwa Wafaransa, na ilipoingia kwenye Kiingereza miaka ya 1600 ilitumika kwa maana ya kufuja mali. Mtu anayeuwasha mshumaa pande zote mbili alikuwa mharibifu, anamaliza kitu cha thamani bila sababu. Kwa hiyo alipolalamika kwamba wageni wanachoma umeme wake ovyo, alikuwa karibu kabisa na maana ya zamani. Alichelewa miaka 400 tu.

Alicheka sana. Lakini mgeni wa leo hajui maana ya zamani, na tangazo ni la mgeni wa leo. Nahau zote mbili tukazitoa.

Binti yangu akaandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye karatasi mpya:

"Please switch off the lights and the fan when you go out. Our electricity is prepaid. Thank you."

Nilimgusia jambo moja tu. Alikuwa ameanza na "off the lights", kama wengi wetu tunavyosema. Kwa Kiswahili "zima" ni tendo kamili. Kwa Kiingereza "off" peke yake si tendo, inahitaji "switch" au "turn" mbele yake.

Karatasi ikabandikwa kila mlango. Kesho yake tukiwa mezani, mgeni wa chumba cha juu alishuka na begi la pwani, akafika mlango wa nje, akasimama kidogo, kisha akapanda ngazi tena. Tukasikia feni inanyamaza. Yule mama hakusema neno, ila alimwongezea binti yangu kipande cha mkate.

Mkunazini, mahali Mwingereza alipojifunza

Siku hiyo tulikwenda Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash. Juu ya eneo hilo misheni ya UMCA ilijenga kanisa kuu. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Kama una mtoto mdogo, mshike mkono hapo na usimharakishe. Atauliza maswali, na mengine yatakuwa magumu kuyajibu.

Lakini kuna jambo jingine pale linalohusu lugha. Aliyesimamia ujenzi wa kanisa lile ni Edward Steere, Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu. Kabla ya kujenga kuta alijenga msamiati. Alikaa na Waunguja, akasikiliza, akaandika. Mwaka 1870 akachapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja, na mwaka huohuo kitabu cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa ndani ya kanisa hilo.

Nilimwuliza binti yangu: "Unadhani siku za mwanzo alikuwa anasemaje Kiswahili?"

"Vibaya," akasema. Kisha akaongeza: "Labda alisema 'kitabu yangu'."

Hatujui alisema nini. Ila tunajua kwamba mtu mzima, msomi, alikubali kuwa mwanafunzi mbele ya watu wa mji huu, na kitabu kilichosaidia vizazi vya wageni kujifunza Kiswahili kilitokana na kukubali huko. Na lugha aliyojifunza hapa haikuwa ndogo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, hiki ambacho mtoto wako anakisoma shuleni leo.

Ukiingia ndani ya kanisa, waongoza watalii watakuonyesha nguzo zilizosimamishwa juu chini. Wanasimulia kwamba askofu alisafiri, mafundi hawakuelewa maelekezo, wakazipindua, na aliporudi akaamua ziachwe. Watoto wanaipenda sana hadithi hiyo. Nguzo zenyewe zimepinduka na paa halijaanguka, lakini kila anayeingia anaziona.

Sentensi ya mtoto wetu iko hivyo hivyo. Ikipinduka kidogo bado inabeba maana, na hakuna sababu ya kumkemea. Ila tukipata nafasi ya kuinyoosha mapema, tuinyooshe.

Ukitembea kutoka hapo kuelekea Vuga utapita eneo ambalo tangu mwaka 1978 wageni wamekuwa wakifundishwa Kiswahili, kwanza katika taasisi iliyoitwa TAKILUKI, ambayo sasa imo ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Ukikutana na mmoja wa wanafunzi wake mtaani atakusalimia kwa furaha, na huenda atasema "mtoto yako mzuri". Angalia watu wa mji wanavyompokea. Wanamjibu, wanamsifu, na mmoja kwa upole atamrudishia: "Ndiyo, mtoto wangu mzuri, ahsante." Amesahihishwa bila kuaibishwa. Nilimwonyesha binti yangu hilo kwa makusudi.

Forodhani, nahau zinapovuka vibaya

Jioni yote huishia Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe. Moshi wa mishikaki, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, urojo, na ile mikate ya kujaza nyama na mayai wanayoiita pizza ya Zanzibar. Hapa ndipo Kiswahili na Kiingereza vinagongana bega kwa bega, nasi tukaufanya mchezo wa familia: kusikiliza maneno yaliyovuka kutoka Kiswahili bila kubadili nguo.

La kwanza alilipata mdogo. Kijana mmoja wa mishikaki alimwambia mzungu "I am coming", kisha akaondoka kwa haraka. Mzungu akabaki anashangaa, mtu anasema anakuja huku anakwenda. Kwa Kiswahili "nakuja" tunaisema tukiondoka, tukimaanisha tutarudi sasa hivi. Kwa Kiingereza ni "I'll be right back".

La pili, "You are lost!" Mtu anamfurahia rafiki ambaye hajamwona siku nyingi, anamaanisha "umepotea". Mgeni akiambiwa hivyo atafungua ramani. Kiingereza husema "I haven't seen you for a long time".

La tatu, mgeni alijikwaa kwenye jiwe, na watu watatu wakasema "sorry". Akawajibu kwamba si kosa lao. Sisi "pole" tunaitoa kwa mwenye maumivu, hata kama hatuhusiki. Wao katika hali kama ile huuliza "Are you all right?"

La nne ni saa, na hili lina hasara ya pesa. Saa mbili asubuhi yetu ni "eight o'clock" yao, kwa sababu sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Ukimwambia mgeni boti inaondoka "at two", atakuja mchana, na boti imekwishaondoka tangu asubuhi. Mfundishe mtoto kuongeza au kupunguza sita.

Nahau zenye sura moja ndizo za hatari zaidi. Kwa Kiswahili anayetia chumvi ni msimulizi, anaongeza uongo kwenye habari. Kwa Kiingereza anayechukua chumvi ni msikilizaji: "take it with a pinch of salt" maana yake usiamini yote unayoambiwa. Chumvi ni ile ile, mikono tofauti. Na mtoto akiandika "My uncle poured the flour" akimaanisha mjomba amemwaga unga, mwalimu wa kigeni atafikiri kuna kitu cha kufagia jikoni. Mjomba amefukuzwa kazi, na Kiingereza chake ni "My uncle lost his job", wazi kabisa, bila unga.

Kanuni niliyowapa wanangu ni fupi. Kabla ya kutumia nahau ya Kiingereza jiulize maswali mawili: ina maana gani, na watu huitumia wakati gani? Kama huna jibu la yote mawili, sema kwa maneno ya kawaida. Hakuna mtihani unaokunyima alama kwa kusema jambo waziwazi.

Mzazi afanye nini nyumbani

Si lazima uvuke bahari. Matangazo yako kila mahali, kwenye daladala, saluni, duka la dawa. Chagua moja, soma na mtoto wako jioni, na mfuate mpangilio huu.

Anzeni na Kiswahili. Mwulize, mwandishi alitaka kusema nini? Swali hili hata mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuuliza, na ndilo kubwa kuliko yote.

Tafuteni kitenzi. Kama kuna "am", "is" au "are" kando ya tendo lisilo na "ing", simameni hapo mjadiliane.

Angalieni kama mtu au kitu kimetajwa mara mbili mfululizo, kama "my sister she". Futeni kimoja.

Kama kuna nahau, itoeni kwanza muone kama ujumbe unabaki. Ukibaki, huenda haikuhitajika.

Sahihisheni jambo moja au mawili kwa siku. Daftari likijaa wino mwekundu, mtoto hajifunzi sarufi. Anajifunza kuogopa kuandika.

Na la mwisho ni letu sisi wakubwa. Tusiwacheke watu kwa Kiingereza chao mbele ya watoto. Kiongozi akiteleza kwenye televisheni, mchezaji akihojiwa baada ya mechi, jirani akijibu simu ya mgeni, sebuleni tunaangua kicheko. Mtoto anasikia, na anajiwekea akilini kwamba hilo ndilo linalomngoja yeye akifungua mdomo. Kisha tunashangaa kwa nini anakaa kimya darasani.

Binti yangu bado ana hofu ya sekondari, na sitasema imekwisha kwa safari ya siku nne. Lakini kwenye boti ya kurudi aliniuliza swali kwa Kiingereza, likiwa na "are" pasipotakiwa. Akanyamaza kidogo, akalirudia mwenyewe bila hiyo "are". Mimi nikamjibu alichouliza.

Shule zikifunguliwa, mtoto akirudi jioni, tusimwulize tu kama amepata ngapi. Tumwulize: leo umeuliza swali gani darasani?